Mdogo wangu anataka urubani. Mjomba anasema aende jeshini, shangazi anasema tuuze kiwanja. Nani ana akili hapa?

MzeeWaForodha:

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, kapata daraja la pili, kaenda JKT kwa mujibu wa sheria, karudi amekonda na anatandika kitanda bila kuambiwa. Baba alishatangulia, kwa hiyo mambo ya ada yananiangukia mimi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Wanaoijua wanaelewa: mwezi huu kontena zinapishana, mwezi ujao unashinda unawapigia wateja simu.

Dogo hataki kusikia habari za chuo kikuu. Anataka kurusha ndege za abiria. Tunakaa Kipunguni, ndege zinapita juu ya bati, na yeye bila hata kutoka nje anakwambia hiyo ni Dash 8, hiyo A220, hiyo Dreamliner leo imechelewa. Mimi nasikia ngurumo tu, nasubiri ipite niendelee na simu.

Jumapili tulikaa kikao cha familia. Mjomba, sajenti mstaafu, kasema kwa sauti ya gwaride: "Aende jeshini. Serikali itamsomesha bure, akishaiva anaacha, anahamia kwenye mashirika." Shangazi kasema kile kiwanja cha Kisarawe II kule Kigamboni alichoacha marehemu kiuzwe, dogo apelekwe shule ya urubani nje. Mama, tangu ile ndege iingie ziwani Bukoba Novemba 2022, anataka mwanawe awe mfamasia na mjadala ufungwe.

Dogo mwenyewe kaleta video za Wamarekani. Jamaa kavaa ovaroli la rubani wa kivita, anasimulia alivyotumikia, alivyotoka, na mashirika yalivyomgombania. Mjomba alipoiona hiyo video akajiona ameshinda kesi.

Swali langu: kwa Bongo hii, jeshi ni njia kweli ya kufika kwenye ndege ya abiria, au mjomba anatafuta mrithi wa kombati zake? Na kama ni uraiani, nauza kiwanja chote kwa mpigo au kuna namna nyingine? Sina haja ya kutiwa moyo, nataka hesabu.

Naomba kuwasilisha.

Mtoto_wa_Mbagala:

Uza kiwanja mkuu, dogo akishakuwa kapteni atakununulia Masaki 😂😂

Natania. Nimekaa palee nasubiri wajuzi, na mimi nina wa kwangu yuko kidato cha tatu, ugonjwa ni huo huo.

FundiMstaafu_Ukonga:

Mjomba wako namheshimu, lakini sajenti na rubani wanakutana gwaridani tu. Mimi nilikuwa fundi wa ndege jeshini miaka mingi, nimestaafu, nakaa Ukonga. Ya ndani sitayaandika. Haya ni ya wazi.

Jeshini hakuna dirisha la kuombea urubani. Unaomba kuwa askari. Tangazo likitoka wanaangalia uraia, vyeti, afya, mwenendo, na kama umepita JKT ukatunukiwa cheti. Matangazo ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24 kwa wenye kidato cha nne na cha sita, 27 kwa wenye shahada. Dogo asome tangazo lenyewe mstari kwa mstari, hasa kama linataka waliojitolea JKT peke yao au linapokea na wa mujibu, maana hapo ndipo vijana wanapokwama getini na bahasha zao mkononi.

Ukishaingia, jeshi ndilo linaloamua wewe ni wa wapi: miguu, mizinga, mawasiliano, uhandisi, tiba. Rubani ni ofisa, kwa hiyo kuna mchujo wa kwenda Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi, kisha mchujo wa anga, kisha madaktari, kisha kozi yenyewe. Kila hatua inamwaga watu. Na anayemwagwa harudi nyumbani kuendelea na mipango yake. Anabaki askari, anapewa kazi nyingine, anaifanya.

Halafu hilo la "akishaiva anaacha". Ofisa haachi kazi kwa notisi ya siku 30. Anaomba, na anayeombwa ana haki ya kusema bado. Jeshi lililokulipia mafuta ya ndege halikukulipia ili ukabebe watalii. Hata hao wa kwenye video wamefungwa: rubani wa jeshi la anga la Marekani anasaini utumishi wa miaka 10, na hiyo 10 inaanza kuhesabiwa akishamaliza mafunzo ya urubani, sio siku aliyovaa sare. Nadhani kwenye video hiyo sehemu inapita haraka.

Kuingia jeshini ili upate urubani wa bure ni sawa na kuoa ili upate mpishi. Mpishi unaweza kumpata, lakini umeoa.

Kama dogo analipenda jeshi lenyewe, yaani hata wakimwambia kesho wewe ni mawasiliano atapiga saluti na usiku atalala, aende kwa moyo mmoja, na anga ikija ni heri. Kama anapenda ndege tu, mjomba anampotosha. Msalimie.

KitiChaKulia:

Fundi kaumaliza upande wa jeshi karibu wote. Mimi ni rubani msaidizi, nakaa upande wa kulia kama jina linavyosema, na nilipita uraiani. Shirika silitaji.

Niongeze kidogo kuhusu saa za kuruka. Shirika la abiria linamtaka mtu aliyezoea ndege ya injini mbili, kuruka kwa vyombo ndani ya mawingu, na kufanya kazi na mwenzake pembeni bila kununiana. Rubani wa ndege ya kivita mara nyingi yuko peke yake, na safari yake ni fupi, kwa hiyo daftari lake la saa za kuruka linajaa polepole. Aliyekuwa kwenye ndege za usafirishaji za jeshi anahamia kwa urahisi zaidi. Lakini yeyote kati yao, siku akivua kombati, lazima apite TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga: mitihani ya kiraia, vipimo vya afya vya kiraia, kurushwa na mkaguzi. Saa zake zina thamani, ila leseni haijigeuzi yenyewe.

Na ile ya kugombaniwa ina sheria nyuma yake. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Bunge lao likabana, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida inadai saa 1,500. Waliotoka jeshini wakapunguziwa hadi 750. Ndiyo maana jamaa wa video anafika mlangoni na nusu ya saa za mwenzake na anapokelewa. (Kando kidogo: marubani wote wawili wa ile ndege ya Buffalo walikuwa wameshapita saa 1,500. Sheria ilikwenda kupiga sehemu nyingine, lakini siasa ni siasa.) Sasa hiyo ni sheria ya Marekani. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo ndivyo tunavyofuata huku, vinamruhusu rubani msaidizi aanze na CPL, leseni ya kuruka kwa malipo, na zile 1,500 ni za ATPL, leseni ya kukufikisha kwenye ukapteni wa ndege kubwa. Kwa hiyo ule upendeleo alioushabikia mjomba haujawahi kutua Kipawa.

Tuje kwenye hesabu uliyoomba.

PPL, leseni ya kujirusha mwenyewe bila kulipwa: umri kuanzia miaka 17, saa 40, au 35 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa. CPL, ya kulipwa: miaka 18, saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa ya moja kwa moja. Juu yake unaweka kuruka kwa vyombo na injini mbili. Marekani shule nyingi sasa zinataja dola 100,000 hivi kwa safari yote kutoka sifuri. Wengi wetu tunakwenda Afrika Kusini au Kenya kwa sababu inashuka chini ya hapo, ila mtu akikutajia bei muulize kama ndani yake kuna chumba, chakula, viza, mitihani na saa za nyongeza. Sijaona mwanafunzi aliyemaliza kwa saa zilezile za kwenye kipeperushi. Upepo ukivuma wiki nzima huruki, ukirudi mkono umeshasahau, mwalimu anakurudisha nyuma, na kila saa ina bei.

Lakini hapo bado hujafika kwenye gharama inayowaua watu. Nilirudi Dar na CPL yangu na saa mia mbili na kitu, familia ikanichinjia mbuzi, halafu nikaenda kuuza misumari na mabati kwenye duka la baba mdogo Buguruni. Asubuhi napanda daladala hadi Terminali 1 ya uwanja wa ndege na bahasha ya wasifu, mlinzi akawa ananijua kwa jina. Makampuni yanayokwenda Zanzibar, Mafia, mbuga za Nyerere na Serengeti yanatumia sana Cessna Caravan, injini moja, mara nyingi rubani mmoja, na bima zao hazimtaki mtu aliyetoka shule jana. Unataka kazi upate saa, wao wanataka saa wakupe kazi. Na wakati unasubiri, leseni inaendelea kula: vipimo vya afya kila mwaka, kuhuisha ruhusa ya kuruka kwa vyombo, na kama ndani ya siku 90 hujapaa na kutua mara tatu huruhusiwi kubeba abiria hadi ukalipie ndege urudishe mkono. Mimi nilikuwa nauza mabati ili nikodi ndege ya kuzunguka uwanja. Baba mdogo hadi leo anadhani nilikuwa na mwanamke Arusha.

Wapo niliosoma nao walioishia hapo. Mmoja ni wakala wa bima, na kusema kweli ananizidi kipato.

Nilipopata Caravan ndipo kazi ilipoanza. Dar hadi Zanzibar ni dakika 20 hivi, kwa hiyo siku moja unapaa na kutua mara nyingi sana. Viwanja vya vumbi mbugani, unapita kwanza chini kufukuza swala, unazunguka, ndio unatua. Mizigo unaipima mwenyewe, na mtalii anakuapia begi lake ni kilo 15 huku mkono wako unakwambia ni 25. Hakuna wa kushauriana naye. Nilipokwenda shirika lenye ndege za marubani wawili, simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, haikunitisha, kilichonitisha ni kukaa na mtu pembeni anayeniangalia.

Kuhusu ajira, hali ni bora kuliko kabla ya Septemba 2016, zilipotua zile Q400 mbili za ATCL, shirika letu la taifa. Zikafuata Dreamliner Julai 2018, A220 mwishoni mwa mwaka huohuo, 737 MAX 9 mwaka 2023. Precision nao wana ATR zao. Nafasi zipo, ila ndege zenyewe zinahesabika, na kila nafasi ikitangazwa tunajuana kwa majina tunaoiomba. Anayekwambia kuna uhaba wa marubani duniani anasema kweli, lakini huo uhaba ni wa wenye saa.

Mama_Tabata_Segerea:

Mwanangu yuko kwenye hii safari, nina neno moja tu kwa kaka mwenye uzi. USILIPE KWA MKUPUO. Shule aliyoanzia, nchi siitaji, walitupa punguzo zuri kama tungelipa yote mwanzoni. Tukalipa. Baadaye ndege mbili zikalala gereji zinasubiri spea, watoto wanakaa hosteli wanacheza karata, na sisi huku tunaendelea kutuma hela ya kula. Alipohamia pengine tulianza kulipa kwa hatua, hatua ikiisha ndio unatoa nyingine. Na kabla ya kulipa uliza ndege ngapi zinaruka LEO, sio ngapi ziko kwenye picha.

MzeeWaForodha:

Wakuu, Mungu awabariki, hii ni zaidi ya niliyoyategemea. Hiyo ya misumari Buguruni imenitisha kuliko ya Bukoba. Nimemsomea mama, kasema "si nilisema mfamasia".

KitiChaKulia, mawili tu. Dogo anavaa miwani, sio kali lakini anaivaa. Imekwisha hapo? Na kuhusu kiwanja, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

KitiChaKulia:

Miwani haimalizi kitu uraiani. Kinachotakiwa ni kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, hata kama ni kwa miwani, ili mradi akiruka anaivaa na ana ya akiba. Jeshini kwa kawaida wanakaza zaidi. Cha kuogopa ni rangi, kile kitabu cha vidoti vyenye namba zilizofichwa ndani. Kuna vijana wanafika umri huo hawajui kwamba kijani na nyekundu wanazibahatisha.

Kwa hiyo kabla hujaongea na dalali yeyote, mpeleke kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA akapate cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho, masikio, moyo, damu, mkojo. Kuna watu huku wameuza nyumba kwanza, wakapima baadaye. Kiingereza nacho ajipime: ICAO wana ngazi 6, anatakiwa afike ya 4 angalau, na hiyo ya 4 inapimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Video zitamsaidia hapo.

Kiwanja nisingekiuza chote. Akipita kwa daktari, tafuta pesa ya PPL peke yake, hata kama itakuchukua mwaka wa kontena. Saa 40 hizo zitakuonyesha mambo ambayo kikao cha familia hakiwezi: kama anatapika, kama anasoma vitabu vya hali ya hewa usiku bila kusukumwa, kama mwalimu anamsifia au anamvumilia. Akirudi na PPL na bado ana njaa ileile, hapo mnakaa tena na hati mezani, na mnatenga kabisa fungu la kipindi cha misumari. Kiwanja cha Kigamboni tangu daraja lifunguliwe 2016 hakijapata haraka ya kuuzwa, kitakusubiri. Mikopo ya kausha damu usiiguse hata kwa kijiti.

Na kama mkwanja haupo kabisa, kuna mlango wa pembeni ambao watu wanaudharau. Pale NIT, chuo cha usafirishaji, Mabibo wanafundisha ufundi wa ndege, na chuo cha TCAA hapahapa Dar, CATC, kinafundisha waongoza ndege. Anaingia kwenye sekta, analipwa, anajilipia PPL yake mwenyewe taratibu. Wapo marubani walioanza na spana mkononi, na ndege wanaijua kuliko sisi.

Kitu cha mwisho kuhusu umri, maana naona mjomba anaharakisha watu. Uraiani unaruhusiwa kuruka kibiashara kwenye ndege za marubani wawili hadi miaka 65. Dogo akianza na 25 hajachelewa chochote. Jeshi ndilo lenye mlango unaofungwa mapema. Kwa hiyo kama moyoni mwake jeshi lipo kweli, hilo ndilo la kuamua mwaka huu, na aliamue yeye. Sio mjomba, na sio mimi.

Mtoto_wa_Mbagala:

Nimefuta utani wangu wa Masaki kichwani. Wa kwangu namwambia leo akazane na Fizikia, na nitampeleka kwenye vidoti.

MzeeWaForodha:

Mrejesho kidogo. Nilimuuliza dogo lile swali la Fundi: wakikwambia kesho wewe ni mawasiliano? Kanyamaza, kaangalia juu, ikapita ATR, kaitaja, ndio kajibu: "Kaka, mimi sitaki." Kwa hiyo jeshi limekwisha. Tumepanga akapime wiki ijayo, mjomba kajitolea kumpeleka kwa sababu anasema vijana wa siku hizi hawajui kuongea na madaktari. Kausoma uzi wote kwenye simu ya dogo. Ana swali moja kwa Fundi: ulikuwa kikosi gani na umestaafu mwaka gani?

FundiMstaafu_Ukonga:

Mwambie mjomba kikosi hakitajwi mtandaoni, na sajenti analijua hilo. Akitaka kunijua aje Ukonga tunywe kahawa.

Dogo abebe kitambulisho cha NIDA na miwani yake, hata kama anajiona anaona. Na akiamka na mafua siku hiyo asiende, abadilishe tarehe. Kipimo cha masikio hakina huruma.